Kitufe cha chati kwenye tovuti ya gesti yangu, uzoefu wangu

Nina kagesti kadogo hapa Bagamoyo, vyumba sita tu. Wateja wangu wengi ni watu wa Dar, wanakuja wikiendi wanazunguka Mji Mkongwe na magofu ya Kaole, wanakula samaki, Jumapili jioni haoo. Tovuti ninayo ila ilikuwa kimya kama makaburi, mtu anaingia anaangalia picha anatoka.

Kuna jamaa wakaniuzia huduma ya chati, yaani kitufe cha mteja kuniandikia meseji palepale kwenye tovuti, ya kulipia kila mwezi, jina nawahifadhia. Kwenye laptop ilinivutia kwelikweli, kitufe kinachezacheza, sekunde tatu tu kinafunguka chenyewe na karoboti kanakusalimia kwa Kiingereza. Nikaja kufungua kwa simu ndo nikaona madudu, boksi limefunika bei zote na ile alama ya kufungia ni ndogo kama punje ya ufuta, unagusa hiki kinafunguka kile. Halafu linataka imeili kabla hujauliza chochote, sasa nani anaulizia chumba cha gesti kwa imeili jamani?? Mwezi mzima meseji nne, na mbili nilijitumia mwenyewe kujaribu.

Binti wa dada yangu akaniambia mjomba toa hilo dude, weka linki ya WhatsApp, bure kabisa. Ni wa.me/ halafu namba yako, ila unaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Mie nikaiweka na sifuri yangu, siku mbili kitufe kipo lakini ukibonyeza hufiki popote, najiuliza kulikoni.

Mwanzo tuliweka alama tupu ya kijani, na picha zangu zimejaa minazi, basi hakionekani. Tukakizungushia weupe, tukakikuza, tukakishusha chini kulia dole gumba linapofika, na tukaandika maneno "Uliza chumba". Hapo watu wakaanza kubonyeza. Ila kilichonimaliza ni ile meseji inayokuja imeshaandikwa, "Habari, naulizia chumba cha tarehe ....", mtu anajaza tu anatuma. Wengine hata hawajazi, wanatuma na nukta zake hivyohivyo, haina shida, nami najibu "karibu sana, tarehe ngapi?" na maongezi yameshaanza.

Natumia WhatsApp Business, ile ya kawaida ya bure, nikilala inajibu yenyewe kwamba nitarudi saa 1 asubuhi. Na pembeni ya kitufe nimeandika muda wa kujibu, maana mtu akisubiri bila kujua anasubiri mpaka lini anahamia kwa jirani.

Ile ya kulipia nyota moja. Hii nyota nne, ya tano naizuia kwa ajili ya wale wa saa 8 usiku, "boss bei ya mwisho ngapi", ukimjibu asubuhi anakuuliza we nani.