Rungu la Chuma la Kilo 4.5: Tathmini Baada ya Miezi Saba

Kwa miezi saba sasa nimekuwa nikifanya mazoezi kwa rungu la chuma la kilo 4.5, nililolinunua katika duka la vifaa vya michezo jijini Dar es Salaam baada ya bega langu la kulia kukakamaa kutokana na miaka mingi ya kunyanyua vyuma bila kunyoosha viungo. Lina mpini wa bomba wenye urefu unaokaribia mita moja, na tufe mwishoni, ambako ndiko uliko uzito karibu wote.

Asili yake ni gada ya India, silaha ambayo Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye sura ya nyani, huchorwa akiwa ameishika, na ambayo wanamieleka wa huko wangali wanaizungusha katika viwanja vyao vya mazoezi viitwavyo akhara, mara nyingi ikiwa ni jiwe zito lililochomekwa kwenye mpini wa mwanzi. Nalitaja hili kwa sababu anayelinunua rungu hili akidhani ni chuma kingine cha kunyanyua atavunjika moyo.

Katika zoezi la msingi, unalishika kwa mikono miwili karibu na ncha ya mpini, ukilisimamisha wima mbele ya kifua. Kisha unalisukuma pembeni ya kichwa hadi lidondokee nyuma ya mgongo, unaliacha lipite kama pembea, halafu unalivuta juu ya bega la pili na kulisimamisha tena mbele. Linapokuwa nyuma, tufe huvuta mikono chini na kuyafungua mabega, na papo hapo tumbo na kiuno hulazimika kukaza ili mwili usiyumbe. Kilo 4.5 ni chache kwa kutaja tu, lakini kwa kuwa uzito uko mbali na viganja, siku ya kwanza nilishindwa kumaliza mizunguko 10 kila upande bila kupinda mgongo. Ukisogeza viganja kuelekea kwenye tufe, hata kwa upana wa kiganja kimoja, unahisi mara moja kwamba limekuwa jepesi. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kwa maana rungu moja linamfaa anayeanza na aliyekwisha kukomaa.

Mwezi wa pili ulipokwisha, niliweza kujisugua katikati ya mgongo kwa mkono wa kulia nikiwa naoga, jambo ambalo lilikuwa limenishinda kwa miaka.

Utengenezaji wake, hata hivyo, haukuniridhisha. Wiki ya tatu rangi ya mpini ilianza kubanduka kwa jasho na kuteleza mkononi, ikabidi niikwangue yote kwa msasa na kubaki na chuma kitupu, ambacho hushikika vizuri zaidi. Lililonitia hofu ni ufa mwembamba kama unywele niliouona pale mpini unapoungana na tufe. Muuzaji alikataa kunibadilishia, nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea mtaani kwetu, naye akaliunga upya. Kifaa kinachopita karibu na kisogo mara 100 kwa siku hakipaswi kuuzwa kikiwa na maungio ya namna hiyo, kwa hiyo kabla ya kulipa, pitisha ukucha kuzunguka maungio hayo, na ukikwama mahali popote, liache dukani. La kilo 7 nalo liache kwanza, hata kama una nguvu, mpaka uweze kulizungusha hili dogo mara 50 kila upande bila kusimama.