Uzoefu wangu na maktaba ya saa bandia: nilikesha nikilaumu jaribio lisilo na kosa

Nianze kwa kuitendea haki. Maktaba hii, yaani msimbo uliokwishaandikwa wa kugandisha saa kwenye majaribio ya programu, inajua kazi yake. Jaribio la tokeni (kibali cha kidijitali cha kuingia) inayokufa baada ya siku 30 linakwisha kufumba na kufumbua: unagandisha saa, unaisogeza mbele siku 30, unauliza kama tokeni ingali hai. Zamani nilikuwa napachika kusubiri kwa sekunde mbili tatu kila mahali na majaribio yakawa yanatambaa. Kwa hilo tu ningeipa nyota nne.

Ila yaliyonikuta kipindi kile siyasahau.

Seva yetu ya majaribio ilianza kukwama. Leo kijani kutwa, majaribio yote yamepita; kesho nyekundu mara tatu, yameshindwa. Lililolaumiwa ni jaribio la foleni ya barua pepe, ambalo husubiri sekunde 5 kisha hutuma tena. Kwenye kompyuta yangu lilipita kila nilipoliendesha. Kwenye seva lilining'inia mpaka muda ukaisha, mchakato mzima ukauawa. Nililiandika upya mara mbili. Mwenzangu akaniuliza kama kweli ninaielewa foleni yenyewe, nami usiku ule nikajiuliza swali hilohilo.

Kumbe jaribio halikuwa na kosa hata chembe. Seva ilikuwa inachanganya mpangilio wa majaribio kila mara. Jaribio jingine kabisa, la malipo, liligandisha saa, na seva ikilemewa liliangukia njiani bila kuirudisha. Yote yaliyofuata yakarithi saa iliyokufa. Foleni inangoja sekunde 5 zipite. Kila ikitazama saa, ni sekunde ileile. Na kwa kuwa mchakato uliuawa kabla ya ripoti kuchapishwa, anguko la malipo halikuonekana popote.

Nililigundua nilipochapisha usomaji wa saa mbili tofauti kila jaribio linapoanza: ile ambayo programu inaiona, na kile kihesabu cha mfumo kinachokwenda mbele tu, ambacho maktaba haikigusi. Nikachukua namba ya mbegu ya mpangilio ulioshindwa, yaani namba ambayo ukiitumia tena inazaa mpangilio uleule, nikaurudia vilevile. Saa moja inakimbia, nyingine imesimama. Mikono ilinitetemeka.

Nikamwandikia mwenye maktaba kwa adabu zote: logi (kumbukumbu ya yaliyochapishwa), mbegu, mfano wa mistari michache. Akajibu kwa sentensi moja, niongeze muda wa kusubiri, kisha akaifunga taarifa yangu. Muda wa kusubiri! Saa imesimama, nisubiri nini? Hakusoma hata mstari mmoja. Kibaya zaidi, mfano wa kwanza kwenye maelezo yake unarudisha saa kwenye mstari wa mwisho wa jaribio, mstari ambao jaribio likianguka haufikiwi kamwe. Kila anayeanza anaunakili mfano huo. Mimi niliunakili. Nyota nne nilizotaja juu nazifuta, naacha moja.

Bado ninaitumia, nakiri. Nimehamishia urejeshaji wa saa kwenye hatua ya usafishaji, inayoendeshwa jaribio lipite lisipite, na foleni haijakwama tena. Labda ni nyota mbili. Nikilikumbuka jibu lile, inarudi moja. Saa zangu mbili zingali zinachapishwa kwenye logi kila jaribio linapoanza, na asijaribu mtu kuzitoa.