Meza ya lamineti: juu haina shida, angalia kingo

Hii ni meza yangu ya pili ya lamineti, yani bodi iliyobandikwa juu tabaka nyembamba ya plastiki ngumu. Ya kwanza haikumaliza hata miaka miwili na nilikuwa nalaumu lamineti yenyewe kumbe wala, juu ilikuwa bado safi kabisa, kilichoiua ni ukingo. Ndani ilikuwa chipubodi, yani vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, sasa ile tepu ya pembeni inayoziba ukingo ikabanduka kidogo kwenye kona moja nikaona ah si kitu, na kila siku nafuta meza na kitambaa kinachochuruzika maji, baada ya muda kona ikaumuka kama mkate uliodumbukia kwenye chai. Na chipubodi ikishavimba imevimba, usidanganywe eti ikikauka itanywea.

Ya sasa naingia nayo mwaka wa tatu, tuko watano na watoto wamo. Safari hii dukani sikuanza na rangi, nilipiga magoti nikachungulia chini (muuzaji alidhani nimedondosha hereni). Nilitaka kuona kama upande wa chini nao umefunikwa, maana ukiachwa wazi unavuta unyevu na bodi inaweza kupinda. Halafu nikapitisha ukucha kingo zote, ukinasa mahali hiyo meza iache. Miguu nayo itikise, yangu imefungwa kwa bolti kwenye fremu ya chuma, skrubu zikiingia kwenye chipubodi tupu zikilegea tundu linazidi kupanuka tu. Rangi nilichukua ya mbao isiyokoza na isiyong'aa. Nyeusi ya kung'aa inapendeza siku ya kwanza, baada ya hapo ni alama za vidole tu. Ukubwa piga hesabu ya sentimita 60 hivi kwa kila mtu, chini ya hapo viwiko vitagombana.

Usafi ni rahisi mno, kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri, sabuni ya vyombo kidogo, kisha unakausha, hasa pembeni. Stilwulu na sabuni za unga za kukwangulia usisogeze kabisa, ile tabaka ya juu ni nyembamba sana, ikichubuka hakuna cha kupiga msasa na vanishi kama mbao halisi. Ukihamisha nyanyueni wawili, msiburute. Mwezi uliopita tepu ilianza kufunguka tena kona moja, siku hiyohiyo nikapaka gundi nikaibana usiku kucha, imeshika mpaka leo.

Nyota moja naipunguza kwa ajili ya joto. Kikombe cha chai haina neno ila sufuria iliyotoka jikoni ikaacha duara jeupe katikati, nimesugua na kila kitu halitoki. Nyumba nzima hakuna aliyeiweka, kila mtu alikuwa chumbani kwake. Nimefunika na chombo cha maua.