Jibini laini na stroberi: igande kwa jelatini au kwa krimu peke yake?

Msingi wa kitindamlo hiki baridi ni ule ule kwa njia zote mbili: jibini laini gramu 300, krimu nzito mililita 250, sukari ya unga gramu 70, kijiko kimoja cha maji ya limau. Jibini litoke friji mapema lilainike, la sivyo litabaki na madonge. Krimu, kinyume chake, iwe baridi kabisa.

Bila jelatini (unga wa kugandisha), kazi yote ni ya krimu. Iwe na mafuta asilimia 35 au zaidi (ile nyepesi ya kupikia haiumuki hata uipige mpaka jioni). Ipige isimame, uichanganye na jibini taratibu, kisha ilale kwenye friji usiku kucha. Ni laini sana mdomoni, ila ukiikata kwenye joto la Mombasa inalegea upesi. Ipakue kwenye glasi tu.

Ya jelatini hukatika vipande safi baada ya saa nne. Loweka gramu 7 za unga wake katika vijiko vitatu vya maji baridi kwa dakika tano, pasha hadi iyeyuke, isichemke. Usiimwage moja kwa moja kwenye jibini baridi: itaganda nyuzinyuzi. Ichanganye kwanza na vijiko viwili vya jibini, ndipo urudishe kwenye bakuli. Soma pakiti, kwani nyingine hutokana na nguruwe.

Kwa vyovyote, stroberi ziwekwe juu wakati wa kuandaa. Zikikaa na sukari hutoa maji. Nanasi bichi lisiguse jelatini, huizuia kuganda.