Gari jipya la umeme: wakati gani uagize ukiwa Dar es Salaam

Majirani zangu wa Tegeta, wakiliona gari langu limechomekwa waya barazani jioni, huniuliza kama nao waagize sasa au wasubiri bei ishuke. Jibu linategemea mwendo wako wa kila siku, tarehe ya bajeti na hali ya nyaya za nyumbani kwako. Wengi huanza na gari, wakaja kwenye bei, na soketi huikumbuka gari likiwa limeshafika getini. Hapa nimeyapanga majira ya kuagiza kwa daraja, kuanzia lile ninalolipendekeza hadi lile ninalomwomba msomaji aliepuke.

Kwanza ni lazima tujue kusubiri kunagharimu kiasi gani. Chukua mtu anayeishi nje kidogo ya mji, anayekwenda Posta asubuhi na kurudi jioni, jumla kilomita 50. Gari la umeme la ukubwa wa kawaida, likiwa na kiyoyozi ndani ya foleni zetu, hutumia takriban uniti 16 (uniti moja ni kilowati-saa moja) kwa kilomita 100, yaani uniti 8 kwa siku hiyo. Mteja wa kawaida wa TANESCO anayenunua LUKU ya shilingi 10,000 hupata uniti 28 hivi, kwa hiyo uniti moja ni kama shilingi 357 pamoja na kodi na tozo, na safari nzima ni takriban shilingi 2,850. Gari la petroli linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 5. Tukiweka shilingi 2,900 kwa lita kama mfano, hiyo ni shilingi 14,500. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, basi weka bei ya mwezi wako. Tofauti inazidi shilingi 11,600 kwa siku, na kwa siku 26 inafika shilingi 300,000. Hiyo ndiyo bei ya kusubiri mwezi mmoja. Anayetembea kilomita 15 kwa siku, kwake kusubiri hakufiki shilingi 100,000 kwa mwezi, na hana sababu ya kuharakisha.

Daraja la kwanza ni kuagiza kati ya Julai na Septemba, umeme wa nyumbani ukiwa umeshatengenezwa. Bajeti ya Serikali husomwa Dodoma mwezi Juni na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, tarehe ambayo viwango vipya vya kodi huanza kutumika, pamoja na ushuru wa forodha unaokubaliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gari linaloingia nchini kwa kawaida hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla ya thamani na ushuru huo. Gari ambalo bei yake pamoja na usafiri na bima hadi bandarini ni shilingi milioni 40 litadai milioni 10 za ushuru na milioni 9 za VAT, kabla ya kugusa tozo nyingine. Tuseme bajeti imepunguza ushuru kwa pointi kumi: unaokoa milioni 4 za ushuru na shilingi 720,000 za VAT iliyokuwa imepanda juu yake, ambazo kwa mtu wetu wa kilomita 50 ni akiba ya mafuta ya zaidi ya miezi kumi na mitano. Bajeti ikipandisha, hasara ni hiyohiyo. Mnunuzi anayekaribia Juni, akivuta subira ya miezi miwili au mitatu, anapoteza chini ya milioni moja ili aepuke kubahatisha milioni tano. Naomba jambo moja lieleweke vizuri hapa, kwa sababu nimeona watu wakiumizwa nalo: kiwango kinachotumika ni kile cha wakati wakala wako wa forodha anapowasilisha tamko la kuingiza gari, hata kama fedha ulilipa nje miezi miwili kabla. Kuagiza Mei hakukulindi na lolote, kwa kuwa meli kutoka China au Japani huchukua kama mwezi mmoja au zaidi.

Nusu ya pili ya mwaka ina faida nyingine, ambayo ni dola. Watalii na korosho huleta fedha za kigeni, na shilingi huwa na ahueni. Katikati ya mwaka 2024 dola moja ilizidi shilingi 2,600, na Desemba ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 2,400. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba kila mwaka utakuwa hivyo, lakini tofauti ya shilingi 200 kwa gari la dola 15,000 ni milioni 3.

Sasa soketi, kwa sababu sharti la daraja hili la kwanza ndilo zito kuliko yote. Naikumbuka wiki ya kwanza ya gari langu. Nilikuwa nimelipia kila kitu na sijamwita fundi umeme, nikachomeka waya wa kuchajia kwenye soketi ya barazani kupitia ekstensheni tuliyokuwa tukitumia kwa pasi. Usiku wa tatu niliamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Nilipoichomoa plagi, pini moja ilikuwa nyeusi na uso wa soketi umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Pasi huvuta umeme mwingi kwa dakika chache, ikapata moto, ikajizima, ilhali gari huvuta ampea 10 saa nne au tano mfululizo bila kupumzika. Fundi alipofungua ukuta alikuta waya mwembamba wa milimita 1.5, wa kuendeshea taa, na waya wa ardhini ulikuwa umekatika siku nyingi bila mtu kujua. Alituvutia laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, yenye breka yake, na akachimbia fimbo mpya ya ardhini nje ya ukuta. Anayetaka kisanduku cha ukutani cha ampea 32 aandae waya wa milimita 6, na kabla ya hapo fundi apime kama laini inayotoka kwenye nguzo inauhimili mzigo huo pamoja na viyoyozi na jiko.

Kazi hii ifanyike kabla ya kulipa malipo ya awali ya gari. Mpangaji apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na anayeshiriki mita ya LUKU na wapangaji wenzake apate kwanza mita yake, kwa maana uniti zaidi ya 200 kwa mwezi zitavunja ujirani hata kwa watu wanaopendana. Aliyeko kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba gari litamtoa humo. Asiye na mahali pa kuegesha palipo karibu na umeme wake mwenyewe asiagize kwa sasa, kwani vituo vya kuchajia vya umma jijini bado ni vichache na havitoshi kuwa tegemeo la kila siku.

Daraja la pili ni kuagiza mara moja, mwezi wowote. Hili linamfaa anayetembea sana, kama dereva wa teksi za mtandaoni anayefikisha kilomita 120 kwa siku: kwake akiba ni karibu shilingi 28,000 kwa siku, na miezi sita ya kusubiri ni zaidi ya milioni 4. Tahadhari yangu ni moja, kwamba kati ya Januari na Februari viwanda vya China hufungwa kwa ajili ya mwaka mpya wao na maagizo hurundikana, kwa hiyo tarehe uliyoahidiwa ichukue kwa uangalifu.

Daraja la tatu ni kusubiri betri bora na gari la bei nafuu zaidi. Ni kweli kwamba bei zinashuka. Mwaka 2024 wastani wa dunia wa bei ya betri za lithiamu ulishuka kwa takriban asilimia 20 hadi dola 115 kwa kila uniti ya uwezo. Tatizo ni kwamba magari mengi unayoyaona kwenye simu yametengenezwa kwa soko la ndani la China, yana usukani wa kushoto, maandishi ya Kichina na tundu la chaji la aina yao. Toleo lenye usukani wa kulia huchelewa kutoka, na mengine hayaji kabisa. Wakati huohuo betri za lithiamu, chuma na fosfeti, ambazo BYD na wengine wanazitumia, tayari huvumilia kujazwa hadi asilimia 100 mara kwa mara na zina maisha marefu. Kwa safari za mji sioni cha kusubiri hapo. Kuhusu Dodoma, tangu 2024 treni ya SGR inatufikisha, na gari linaweza kubaki nyumbani.

Daraja la nne ni kununua Nissan Leaf iliyotumika ili likusogeze wakati unasubiri jipya. Betri yake haipoozwi kwa kimiminika, na joto la hapa huichosha. Tazama vijipau vidogo kando ya kipimo cha chaji: gari likiwa jipya ni kumi na viwili, na cha kwanza kikipotea ujue takriban asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Lenye vijipau tisa, lenye betri ya awali ya uniti 24, sitalishauri kwa mtu wa Tegeta au Kigamboni mwenye shughuli za katikati ya siku.

La mwisho kabisa ni kulipa Aprili au Mei kwa sababu muuzaji amekuambia kodi zitapanda, au zitashuka. Akikubana, mwombe aandike kwenye mkataba bei ya mwisho kwa shilingi ikiwa na kodi zote, upande wa usukani, aina ya tundu la chaji, lugha ya skrini ya ndani, dhamana ya betri kwa miaka na kilomita, na tarehe ambayo gari lisipofika utarudishiwa fedha zako. Asipokubali kuandika hata kimoja kati ya hivyo, ondoka na fedha zako, kisha umwite fundi umeme aanze na ile laini ya barazani.