Forest Watcher mikononi mwa kamati za misitu Pemba

Forest Watcher ni programu ya simu inayotolewa bure na Global Forest Watch, huduma iliyozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya World Resources Institute. Kazi yake ni kumjulisha mlinzi wa msitu kwamba setilaiti imeona miti ikitoweka mahali fulani, kisha kumwongoza hadi hapo. Nimeitumia kaskazini mwa Pemba, pembezoni mwa msitu wa Ngezi na katika mashamba ya karafuu yaliyo jirani, nami naipendekeza kwa kamati za shehia (ngazi ya chini ya utawala Zanzibar, inayoongozwa na sheha), ila kwa masharti.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba ukishaingia msituni huhitaji mtandao. Mtu huchagua eneo lake na kupakua ramani akiwa Wete au Konde, kisha huifuata kwenye simu nukta inayoonyesha mahali miti ilipotoweka, umbali uliobaki ukipungua kadiri anavyotembea. Akifika hupiga picha na kujaza fomu, na taarifa hubaki simuni hadi atakapopata mtandao wa kuituma.

Sharti la kwanza linahusu ukubwa wa kinachoonekana. Tahadhari zinazotoka Chuo Kikuu cha Maryland hutegemea picha za setilaiti za Landsat, ambazo kila kipande chake kina upana wa mita 30 kwa 30. Shamba jipya lililofyekwa huonekana; mikoko michache iliyokatwa boriti, au mti mmoja wa mbao uliochaguliwa na kuangushwa katikati ya mingine, hauonekani. Kwa kuwa wizi mwingi wa miti kwetu ni wa namna hiyo ya kuchagua, ramani isiyo na nukta hata moja isichukuliwe kuwa ushahidi wa msitu salama, na doria ya miguu isipunguzwe kwa sababu hiyo.

Sharti la pili ndilo linalonigusa zaidi. Ramani za huduma hii huhesabu kuwa miti uoto wowote wenye kimo cha zaidi ya mita 5, bila kutenganisha mti wa asili na uliopandwa, kwa hiyo mikarafuu, minazi na miembe vyote huweza kuingia humo. Mkulima anayeng'oa mikarafuu iliyozeeka ili apande miche mipya anaweza kutokea kwenye ramani sawasawa na aliyefyeka hifadhi. Sheha au mjumbe anayepokea tahadhari aende kwanza akaone na amuulize mwenye shamba, kabla jina la mtu halijaandikwa popote, kwani setilaiti inajua kwamba miti imeondoka lakini haijui nani aliiondoa wala kwa nini.

Mawingu nayo yana sehemu yake. Landsat 8 na Landsat 9 kwa pamoja hupita juu ya eneo moja kila baada ya siku 8, lakini wakati wa masika anga ya Pemba huweza kufungwa pita baada ya pita, na tahadhari ikaja ufyekaji ukiwa umekwisha zamani.

Mahali pa wazi simu hukosea kwa mita chache tu. Chini ya miti mirefu ya Ngezi nukta inayoonyesha ulipo huyumba, na ni vyema kusimama penye uwazi mpaka itulie. Kwa kutafuta eneo lililofyekwa, kosa hilo halina madhara. Kwa mgogoro wa mpaka baina ya majirani, programu hii isitumike kabisa; afadhali picha za droni za mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, ulioanza mwaka 2016 na kupiga picha Unguja na Pemba kwa undani wa sentimita.

Programu ni bure, lakini simu yenye betri ya kudumu, bando na nauli ya mjumbe si bure. Mfadhili anayetaka kamati za vijiji ziitumie azigharimie hizo kwanza, na mafunzo yafanyike msituni kwenyewe, simu zikiwa mikononi mwa wale wanaokwenda doria.