TAHADHARI: "Leseni ya droni ya siku moja" inayouzwa kwenye magrupu yetu ya Dallas si leseni

Ndugu zangu mnaopiga video za harusi na sendofu, na ninyi mlioanza kazi ya kukagua mapaa baada ya mvua ya mawe, naomba msome hili kabla hamjatuma hela. Kuna mtu anauza leseni ya kurusha droni kibiashara kwa dola 480. Anasema unaipata siku hiyohiyo bila kutoka nyumbani. Mimi nililipa mwezi Machi. Nilichopewa ni cheti ambacho mtu yeyote hapa Marekani anakipata bure, na usajili wa droni ambao ada yake halali ni dola 5. Leseni sikupewa, kwa sababu leseni haipatikani bila mtihani, na mtihani sikuufanya.

Tangazo nililiona kwenye grupu letu la michango ya misiba. Nalisema hilo kwa uchungu. Grupu lile tumezikana humo, tumesafirishiana maiti humo, kwa hiyo mtu akiweka kitu pale unakipokea kama kimetoka kwa ndugu. Jamaa anajiita Kapteni. Anaongea Kiswahili kizuri, anakuita mdogo wangu, anakuuliza habari za nyumbani kwanza. Kisha anakugusa pale unapoogopa. Mimi aliniambia mambo mawili: kwamba mtihani wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, umewekwa mgumu makusudi kwa watu ambao Kiingereza si lugha yao, na kwamba asiye raia jina lake hukwama kwenye ukaguzi wa usalama, ila yeye ana njia.

Yote mawili si kweli, na nawaomba mlishike hili kuliko lolote lingine. Kanuni inayotuhusu sisi tunaolipwa ni ile ambayo kila mtu huku anaiita Part 107, iliyoanza kutumika Agosti 2016. Inataka uwe na umri wa miaka 16 au zaidi, uweze kusoma, kuongea, kuandika na kuelewa Kiingereza, uwe na afya ya mwili na akili ya kurusha salama, kisha ufaulu mtihani. Uraia haumo kwenye masharti hayo. Ukaguzi wa usalama upo kweli, unafanywa na TSA, idara ya usalama wa usafiri, lakini unafanyika wenyewe baada ya kuomba, na hakuna mtu wa kati anayeuharakisha.

Nilimtumia picha ya leseni yangu ya udereva, tarehe ya kuzaliwa, anwani na, kwa bahati mbaya, namba yangu ya Social Security, ile ya utambulisho ya serikali. Jioni ile akanitumia cheti kwenye simu. Wiki iliyofuata ikaja kadi ya plastiki kwa posta, ina jina langu na mchoro wa droni. Nilipomuuliza mbona sijaenda kwenye mtihani, alisema mtihani nimeshaufanya: yale maswali aliyonipitisha kwa simu kwa muda wa nusu saa. Akaongeza kwamba hata nisingekuwa na kadi, ningeweza kurusha chini ya leseni yake yeye.

Ule uongo wa mwisho umejengwa juu ya kitu cha kweli, ndiyo maana unapita. Part 107 inamruhusu mtu asiye na leseni kushika rimoti, lakini chini ya usimamizi wa moja kwa moja wa rubani mwenye leseni, ambaye anaweza kuchukua uongozi wa droni papo hapo. Yaani awe amesimama hapo ulipo. Mtu aliye Houston hawezi kukusimamia ukiwa Irving, hata mkiwa mnaongea kwa simu ya video.

Niligundua ukweli huu bila kutarajia. Mwezi Aprili mvua ya mawe iliponyesha, mkandarasi mmoja wa mapaa alitaka picha za nyumba kumi na moja kwa ajili ya madai ya bima. Kazi nzuri, ya siku mbili. Dada wa ofisini kwake akaniomba namba ya leseni, nikampa iliyo kwenye kadi. Akaitafuta kwenye ukurasa wa wazi wa FAA ambako marubani wote huonekana, wakiwemo wa droni. Jina langu halikuwemo. Akaniomba nimtumie cheti chenyewe. Alipokiona akaniambia kwa upole kabisa kwamba hiki ni TRUST, kipimo cha usalama cha wanaorusha kwa kujifurahisha.

Nilikisoma tena usiku ule, na kweli, neno la burudani limeandikwa juu kabisa. TRUST hutolewa bure mtandaoni tangu mwaka 2021. Ukikosea swali unaelezwa jibu na kurudia, kwa hiyo hakuna anayefeli. Ni kitu kizuri kwa mtoto aliyenunuliwa droni ya sikukuu. Lakini hakikupi ruhusa ya kupokea hata dola moja. Na usajili alionifanyia ulikuwa wa burudani pia: namba moja kwa droni zako zote. Ukifanya kazi ya kulipwa, kila droni inasajiliwa peke yake kwenye FAADroneZone, tovuti ya FAA ya kusajili droni, dola 5 kila moja, na usajili unadumu miaka 3.

Kuna wengine amewaambia kwamba ukinunua droni ndogo ya chini ya gramu 250 huhitaji chochote. Msimame hapo pia. Msamaha wa uzito huo ni wa usajili kwa wanaojifurahisha. Ukilipwa, hata droni yenye uzito wa chungwa inataka isajiliwe na inataka rubani mwenye leseni.

Kazi ya mapaa iliondoka, lakini lililoninyima usingizi si hilo. Kati ya Machi na Aprili nilikuwa nimerusha kwenye harusi mbili, na moja ilikuwa Irving. Anayeijua Irving anajua ndege za DFW, uwanja mkubwa wa ndege wa Dallas na Fort Worth, zinavyopita pale. Anga ile inaongozwa na mnara, na kabla ya kuinua droni unatakiwa uombe idhini kwa LAANC, mfumo wa FAA wa kutoa idhini za anga, kupitia programu ya simu, ambayo inakuonyesha kimo unachoruhusiwa kwenye kila mraba wa ramani. Miraba mingine karibu na viwanja vya ndege ina sifuri, yaani huruhusiwi kurusha kwa idhini hiyo. Mimi nilijua kitu kimoja tu, kikomo cha kawaida cha kimo cha futi 400, nikadhani ndiyo ruhusa ya kila mahali. Nilipandisha droni juu ya ukumbi wenye watoto na wazee nikiamini nina leseni. Namshukuru Mungu haikutokea kitu. Faini ya kurusha bila idhini au kwa hatari sasa inaweza kufika dola 75,000 kwa kosa moja, na atakayedaiwa ni wewe uliyeshika rimoti. Kapteni hatakuwepo.

Njia halali ni hii, na mtaona ilivyo ya kawaida. Unajisajili mwenyewe kwenye mfumo wa FAA unaoitwa IACRA na kupewa namba yako, FTN, ambayo utakuwa nayo maisha yako yote. Kwa namba hiyo unapanga siku ya mtihani na PSI, kampuni inayosimamia mitihani hiyo, na kulipa dola 175. Unakwenda kituoni mwenyewe, na kitambulisho chenye picha. Maswali ni 60, saa 2, unatakiwa upate asilimia 70, yaani maswali 42. Ukifeli unasubiri siku 14 na kulipa tena. Ukifaulu unarudi IACRA na namba ya mtihani, ambayo huchukua hadi saa 48 kuonekana humo, unajaza ombi, TSA inakagua, kisha unapata leseni ya muda ya kuchapisha mwenyewe. Kadi ya kudumu inakuja baadaye kwa posta. Jumla, pamoja na kusajili droni moja, dola 180. Baada ya hapo kila baada ya miezi 24 unarudia mafunzo mafupi mtandaoni, bure.

Mtihani si mwepesi, sitawadanganya. Sehemu yake kubwa ni ramani za anga, zile zenye duara za buluu na zambarau kuzunguka viwanja, pamoja na kusoma taarifa za hali ya hewa zilizoandikwa kwa vifupisho. Mimi niliusomea majuma sita nikitoka kazini, kwa mwongozo wa FAA wenyewe na maswali yao ya mfano, vyote bure kwenye tovuti yao. Nikafaulu kwa 83. Kiingereza chake ni cha kiufundi, lakini ni maneno yaleyale yanayorudi, ukiyazoea yamekwisha. Kama unataka mwalimu, zipo shule mtandaoni zinazofundisha kwa uaminifu na zinatoza ada, na sina neno nazo. Ila hakuna darasa la lazima kisheria, na hakuna shule inayoweza kukupa leseni au kukufanyia mtihani. Anayekuahidi hivyo anakudanganya, au anataka mtu mwingine aingie chumbani na jina lako, na hilo ni kosa la jinai litakalokufuata wewe, hasa kama karatasi zako za uhamiaji bado zinashughulikiwa.

Sasa nifike kwenye madhara ambayo sikuyaona hadi Mei. Nilipojaribu kufungua akaunti ya IACRA, mfumo uliniambia tayari nipo. Kapteni alikuwa amenifungulia akaunti kwa jina langu na tarehe yangu ya kuzaliwa, kwa barua pepe yake. FTN yangu ilikuwa mikononi mwake. Ilinichukua simu kadhaa kwa watu wa msaada wa IACRA na kuthibitisha kwamba mimi ni mimi, ndipo barua pepe ikabadilishwa. Kwa ajili ya ile namba ya Social Security nilifunga taarifa zangu za mikopo, ili mtu asikope kwa jina langu, kwenye kampuni zote tatu zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion. Kufunga huko ni bure.

Hela nilituma kwa Zelle, huduma ya kutumiana hela kutoka benki hadi benki. Benki ilisema niliidhinisha mwenyewe, kwa hiyo hairudi. Nilipomdai, kwanza alinituliza, halafu akasema kadi yake inatambulika dunia nzima na nikienda nayo Dar nitaona. Hata leseni halisi ya FAA haikufungulii anga ya nyumbani. Tanzania unaanza na TCAA, Kenya unaanza na KCAA, ambazo ni mamlaka za usafiri wa anga za nchi hizo, na vibali vyao unaviomba kabla droni haijapanda ndege. Nilipomjibu hivyo akanizuia.

Nimeripoti kwa FTC, wakala wa serikali unaolinda watumiaji, kwenye reportfraud.ftc.gov na kwa FBI kwenye ic3.gov. Namba yake ya simu na majina anayotumia nimeyaweka huko, siyaandiki hapa kwa sababu sijui kama ni yake au ameiba ya mtu. Watu wanne wameshaniandikia kwamba walilipa. Mmoja wao yupo Fort Worth na bado anarusha kila Jumamosi.

Kama na wewe ulilipa, usimpigie kwanza. Ingia IACRA ukaangalie kama jina lako lina akaunti, na kama barua pepe iliyomo si yako, piga simu msaada wao ibadilishwe, ufunge taarifa za mikopo, uhifadhi picha za mazungumzo yote. Droni ikae kwenye mkoba wake hadi umefanya mtihani. Halafu ndipo umdai.